Naomba ushauri: mtaa wa kutembea kwa miguu au barabara pana?

Habari zenu wakuu. Kikundi chetu tumenunua shamba nje kidogo ya Dar na kabla mpima hajaingia saiti tunatakiwa tukubaliane mchoro, ndo hapo tumekwama. Baadhi yetu tunataka mtaa wa kizamani kama Mji Mkongwe kule Zanzibar, vichochoro vyenye kivuli, baraza za kukaa, chini duka juu watu wanaishi, mtoto ukimtuma chumvi anaenda kwa mguu na humuwazii gari. Wenzetu wanasema huko ni kurudi nyuma, magari yatapaki wapi na zimamoto watapitaje, na kwenye zimamoto kwa kweli wana hoja.

Nikawaonyesha Poundbury, mtaa wa Uingereza ulioanza kujengwa 1993 kwa ramani ya msanifu majengo Léon Krier, barabara zina kona za makusudi ili gari zipunguze mwendo, na maduka na ofisi vimechanganyika na nyumba. Wakanijibu hata huko wakosoaji wanasema ni kuigiza ya kale na watu bado wanategemea magari.

Tumejaribu kuchora barabara pana izunguke nje, ndani njia za miguu tu, paking pembeni, ila mpima anahofia halmashauri itaukataa.

Sasa wadau, kuna aliyewahi kupitishiwa mchoro wa hivi, na njia za ndani mliacha mita ngapi ili gari la zimamoto lifike? Na matumizi ya makazi na biashara tuombe kwenye mchoro tangu mwanzo au kila mtu abadilishe baadaye? Natanguliza shukrani.