Naenda Hanoi siku nne. Nianzie wapi kuiona historia yake?

Mwalimu wa Zamu
Wakubwa shikamooni, wenzangu salaam. Nafundisha Historia sekondari, Morogoro. Mume wangu ana semina Hanoi, Vietnam, Desemba hii, na tumejibana ili nami niende. Nitakuwa huko Jumapili mpaka Jumatano. Yeye atashinda semina, mimi nitazunguka peke yangu.

Kila mwaka naandika ubaoni kwamba Mfaransa aling'oka Vietnam mwaka 1954, nafuta, tunaingia mada nyingine. Safari hii nataka nirudi na kitu cha kuwasimulia watoto. Orodha za sehemu za kupiga picha nimeziona nyingi, hazinisaidii. Aliyefika anielekeze. Halafu mimi ni Mwislamu, chakula na sala vikoje huko?

Baharia Mstaafu
Marahaba mwalimu. Anza na kalenda. Kaburi la Ho Chi Minh, kiongozi wa uhuru wa Vietnam, hufungwa Jumatatu na Ijumaa, na siku nyingine ni asubuhi tu. Kwa hiyo kwako ni Jumanne au Jumatano, na uwahi foleni. Vaa nguo ya heshima, na ndani hakuna kupiga picha wala kuongea. Mwenyewe aliacha wosia achomwe, majivu yagawanywe kaskazini, kati na kusini mwa nchi. Walioachiwa nchi wakaamua kuuhifadhi mwili.

Ukitoka hapo simama uwanjani, Ba Dinh. Ndipo alipotangaza uhuru tarehe 2 Septemba 1945. Mfaransa akarudi, wakapigana mpaka akashindwa Dien Bien Phu, 1954. Hiyo miaka tisa katikati ndiyo wanafunzi wako hawaioni ubaoni.

Mkazi wa Zamani
Namheshimu Baharia, lakini mimi nisingeanza na Ho Chi Minh. Ukianza na yeye utadhani mji ulizaliwa na vita. Mfalme Ly Thai To alihamishia makao yake hapo mwaka 1010, akapaita Thang Long.

Jumapili asubuhi nenda Van Mieu, Hekalu la Fasihi. Lilijengwa 1070 kwa heshima ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, na 1076 pakaanzishwa chuo cha kifalme. Dada yangu, wewe ni mwalimu, hapo utakaa sana. Kuna mawe 82, kila moja limebebwa na kobe wa jiwe, yamechongwa majina ya waliofaulu mitihani mikuu kuanzia ule wa 1442 hadi wa 1779. Wanafunzi walikuwa wakiwapapasa kobe vichwa wapate bahati kwenye mtihani, mpaka ikabidi wawekewe uzio.

Mchana nenda ngome ya Thang Long, si mbali. Wachimbaji wamefukua misingi ya majumba ya kifalme, tabaka juu ya tabaka. Na ndani ya ngome hiyohiyo kuna nyumba inayoitwa D67, yenye handaki chini yake, walimokaa majenerali kupanga vita dhidi ya Marekani mpaka 1975.

Gereza la Hoa Lo, ambalo sasa ni makumbusho, hufunguliwa siku zote. Wafaransa walianza kulijenga 1896, na mashine yao ya kukatia watu vichwa bado ipo. Baadaye likawafunga marubani wa Marekani, akiwemo John McCain, aliyekuja kuwa seneta. Soma kwa jicho la mwalimu: maonyesho yanasema marubani walitunzwa vizuri, wao waliporudi kwao wakasimulia mateso.

Jioni moja panda daraja la Long Bien. Mfaransa alilimaliza 1902 na kuliita kwa jina la gavana wake, Paul Doumer. Mabomu ya Marekani yalilipiga tena na tena, likazibwa viraka, ndiyo maana mgongo wake umepanda hapa na kukatika pale. Treni hupita katikati, pikipiki pembeni, na hapo tu zinapita kushoto kama kwetu.

Binti Pwani
Dada, sala usihofu. Msikiti wa Al-Noor upo mtaa wa Hang Luoc, mji wa kale, ulijengwa 1890 na wafanyabiashara wa Kihindi. Sisi wa Pwani tunawajua hao, kila bandari wamefika. Chakula uwe makini: bun cha, tambi za mchele na nyama ya kuchoma, ni nguruwe. Neno la kukariri ni "thịt lợn", nyama ya nguruwe. Na sweta ubebe, Desemba kuna baridi.

Mwalimu wa Zamu
Mungu awabariki. Jumapili kobe na ngome, Jumatatu gereza, Jumanne kaburi na Ba Dinh, Jumatano daraja. Kilichobaki kinachonitisha ni pikipiki. Nimeona video, barabara inavukwaje?

Mkazi wa Zamani
Subiri mwanya, kisha tembea polepole kwa mwendo uleule. Usikimbie, usisimame ghafla, usirudi nyuma. Wenyewe watakuzunguka. Mara ya kwanza vuka ubavuni mwa bibi yeyote wa pale.