Mjadala: Je, mgahawa unaojiita wa Mediterania ulazimishwe kutaja mafuta yake?

Swali ninaloliweka mbele yenu ni hili: mgahawa unapojiita wa Mediterania, ukatumia sifa njema za vyakula vya pwani za bahari hiyo kuwavutia wateja, je, sheria iulazimishe kuandika katika menyu kwamba unatumia mafuta gani, kwamba jibini yake imetengenezwa kwa maziwa ya mnyama yupi, na kwamba ni vyakula vipi vina ufuta ndani yake? Wapo wanaosema kwamba haya ni mambo ya soko, kwamba mlaji asiyeridhika hatarudi tena, na kwamba serikali ina mizigo mizito kuliko chupa ya mafuta. Mimi nasema ilazimishwe, ingawa nakiri mapema kwamba jina lenyewe la Mediterania sheria haina sababu ya kuligusa.

Nimefikia msimamo huu kwa kukaa mezani. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikizunguka mjini kila mwisho wa wiki, nikijaribu migahawa midogo ya branchi, ule mlo unaounganisha kifungua kinywa na chakula cha mchana, pamoja na ile inayojitangaza kuwa ya Mediterania. Na siku hizi mara nyingi mgahawa mmoja hubeba sifa zote mbili. Mahali pamoja nililetewa kibakuli cha humusi, yaani dengu zilizopondwa, mkate bapa uliokuwa bado unafuka mvuke, na kijagi cha kioo kisicho na lebo. Mafuta yaliyokuwamo yalikuwa na rangi ya manjano iliyopauka, hayakuwa na harufu yoyote, na nilipoonja tone moja kwenye ncha ya kijiko yaliteleza kooni kama maji. Nilimwuliza mhudumu, naye akanijibu bila kusita kwamba ni mafuta ya zeituni. Kisha, kwa uungwana wake, akaingia jikoni kuhakikisha, akarudi amelishika dumu lenyewe kwa mikono miwili. Lebo yake ilisema kwa maandishi madogo kwamba ni mchanganyiko wa mafuta ya alizeti na zeituni, alizeti ikitajwa kwanza. Aliona haya kuliko nilivyokasirika. Hakuwa amenidanganya, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumweleza anachowamiminia watu.

Najua kwamba ulimi wangu si maabara. Hata hivyo, kule kuwashwa kooni kunakoletwa na mafuta mabichi ya zeituni yaliyo mazuri kuna chanzo kinachofahamika, yaani kiambato kiitwacho oleokanthali, ambacho wanasayansi walikielezea mwaka 2005 kuwa kinafanya kazi mwilini kwa namna inayofanana na dawa ya maumivu ya ibuprofeni. Mafuta yanaposafishwa kiwandani kwa joto na kemikali, sehemu kubwa ya viambato vya aina hiyo hupotea, na hapo ndipo tofauti ya madaraja inapopata maana. Daraja la juu kabisa ni la mafuta yaliyokamuliwa kwa mashine tu, ambayo asidi yake haizidi gramu 0.8 katika kila gramu 100. Anayemiminiwa mafuta yaliyosafishwa, au mchanganyiko kama ule wa dumu, anakula kitu kingine, hata kama rangi inakaribiana.

Sasa nieleze kwa nini jina naliacha. Bahari ya Mediterania imepakana na nchi zaidi ya 20, na majiko ya nchi hizo hayajawahi kuwa jiko moja. UNESCO ilipouorodhesha mlo wa Mediterania kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2010, nchi zilizotajwa zilikuwa Hispania, Ugiriki, Italia na Moroko. Mwaka 2013 zikaongezwa Kupro, Kroatia na Ureno. Lebanoni haimo, Uturuki haimo, wala Tunisia, ilhali ukiondoa vyakula vya nchi hizo, migahawa mingi ya aina hii itabaki na menyu ya nusu ukurasa. Shakshuka, yale mayai yanayoivia ndani ya mchuzi mzito wa nyanya na pilipili, huhusishwa zaidi na Tunisia na majirani zake, na leo ndiyo inayoletwa mezani kila Jumapili asubuhi na wapishi ambao hawajawahi kuiona bahari hiyo. Sioni ubaya wowote. Branchi nayo haina mwenyewe: Mwingereza Guy Beringer aliitetea katika makala ya mwaka 1895, akitaka mlo mmoja mwepesi wa Jumapili kwa wale waliochelewa kulala Jumamosi, na tangu hapo kila jiko limeijaza kwa vyakula vyake. Sheria itakayojaribu kuamua ni mgahawa upi wa Mediterania wa kweli itaishia kuwasumbua wapishi wenye ubunifu na kuwaacha wadanganyifu wakitabasamu.

Madai ya afya ni jambo jingine, na hapo sitalegeza. Neno Mediterania likiandikwa mlangoni linauza ahadi ya moyo wenye afya, na ahadi hiyo ina chimbuko mahususi. Utafiti wa nchi saba ulioongozwa na mwanasayansi wa Marekani Ancel Keys, ulioanza mwaka 1958, uliwakuta wanaume wa kisiwa cha Krete, Ugiriki, wakila mboga, mikate, kunde na matunda, nyama kidogo, na mafuta mengi ya zeituni. Baadaye ukafuata utafiti mkubwa wa Hispania uitwao PREDIMED, uliohusisha watu zaidi ya 7,000. Ulichapishwa mwaka 2013, ukaondolewa na kuchapishwa upya mwaka 2018 baada ya kubainika kasoro katika namna baadhi ya washiriki walivyogawanywa, na hitimisho lake kuu, kwamba mlo huo husaidia kuukinga moyo, likabaki karibu lilelile. Katika utafiti huo, kundi moja lilipewa mafuta ya zeituni ya daraja la juu, takriban lita moja kwa wiki kwa kila familia, na kundi jingine likapewa lozi na kokwa nyingine za miti. Kwa hiyo anayeukopa ushahidi huo ili ajaze viti vyake, kisha akamimina mchanganyiko wa alizeti, ameiondoa sehemu muhimu ya kile anachokitangaza.

Kwenye jibini na ufuta hoja yangu inakuwa nzito zaidi, kwa sababu hatuzungumzii tena ladha. Katika Umoja wa Ulaya, jina feta limelindwa tangu mwaka 2002, na mahakama ikathibitisha ulinzi huo mwaka 2005: jibini hiyo lazima itoke Ugiriki na itengenezwe kwa maziwa ya kondoo, yanayoweza kuchanganywa na ya mbuzi yasiyozidi asilimia 30. Nje ya Umoja huo, jibini nyeupe ya maziwa ya ng'ombe huuzwa mara nyingi kwa jina hilohilo, na mtu anayedhurika na maziwa ya ng'ombe hana njia ya kuitambua kwa macho. Kuhusu ufuta, humusi ya kawaida hutiwa tahini, ambayo ni ufuta uliosagwa, na tahini hiyohiyo hujificha katika michuzi ya saladi na katika peremende za halua. Ulaya inalazimisha ufuta utajwe, na Marekani imeuingiza katika orodha yake ya vyakula vikuu vinavyosababisha mzio tangu Januari 2023. Mzazi aliyeketi na mtoto mwenye mzio wa ufuta hawezi kulisubiri soko limwadhibu mwenye mgahawa.

Ndugu mmoja amenijibu kwamba sheria za namna hii huzaa vichekesho, akatoa mfano wa mwaka 2013, Tume ya Ulaya ilipopendekeza kupiga marufuku vijagi vya mafuta mezani na kulazimisha chupa zilizofungwa, ikashutumiwa kila upande, na ikaliondoa pendekezo hilo mwezi Mei mwaka huohuo. Mfano huo ni wa kweli, na mimi mwenyewe sizitaki chupa ndogo za kutupwa, maana zinaongeza taka bila kumwelimisha mhudumu. Lakini asisahau kwamba Hispania, inayoongoza duniani kwa kuzalisha mafuta ya zeituni, iliendelea ikavikataza vijagi vya kujazwa upya migahawani kuanzia mwaka 2014, na watu wake hawajaacha kula nje. Ninachokiomba ni kidogo kuliko hicho: mstari mmoja chini ya menyu. Mpishi anayekaangia falafeli, zile bajia za dengu, mafuta ya alizeti aandike hivyo bila aibu, kwani kukaangia mafuta ghali ya zeituni si lazima. Anayemwagia humusi mafuta ya daraja la juu aandike hilo pia, apate sifa anayostahili.

Linalonitatiza bado ni ukaguzi. Mkaguzi wa afya anayekuja kupima joto la jokofu anaweza kuomba aonyeshwe dumu la mafuta na pakiti ya jibini, kisha akalinganisha na menyu. Hilo halihitaji maabara. Ila dumu lenye lebo nzuri linaweza kuwa limejazwa kitu kingine, na hapo sijapata jibu linaloniridhisha. Wale miongoni mwenu mnaofanya kazi jikoni, ningependa kusikia kwenu: mafuta yakifika, nani huyapokea, nani huyahamishia kwenye vijagi, na je, yupo anayewaambia wahudumu ni mafuta gani?