Naomba ushauri: yoga kwa mabibi wanaotokwa na mkojo bila kutaka

Assalamu alaykum. Naomba ushauri wa kupanga mazoezi ya wiki 12 kwa mabibi wa hapa Lamu wanaotokwa na mkojo wakikohoa, wakiinua ndoo au kabla hawajafika chooni. Wengi huficha, na kurudia udhu kila mara kunawasumbua roho.

Msingi ni huu: kulala chali mkekani, magoti yamekunjwa, kukaza misuli ya chini kama anayezuia mkojo na upepo pamoja, hesabu 5, kisha kulegeza hesabu 10. Mara 10, awamu 3 kwa siku. Halafu kuinua kiuno polepole huku pumzi ikitoka. Kinachoharibu zaidi ni kubana pumzi: tumbo linasukuma chini, na misuli inayotakiwa kupanda inashuka. Wengine hukaza makalio na mapaja tu. Weka kiganja juu ya paja utagundua mara moja.

Utafiti wa Marekani uliotoka 2024 ulifuata wanawake 240, na wa yoga na wa mazoezi ya kawaida ya viungo walipata nafuu karibu sawa. Sasa, bibi wa miaka 70 mwenye magoti mabovu, asiyeweza kuchuchumaa, nimuanzishe kitini au abaki mkekani? Na mnawaambiaje waache kujinyima maji? Mkojo mzito huwasha kibofu, haja ikazidi. Mwenye damu au anayeungua akikojoa, huyo hospitali kwanza.