Tupeane uzoefu: Waliofika hekalu la Yasaka na mtaa wa Gion, Kyoto

Mwanzisha mada:
Wakuu, naamini humu wapo waliosoma au kufanya kazi Japani, hivyo naomba tusimuliane yaliyotukuta Yasaka, hekalu la Kishinto (dini ya jadi ya Wajapani) lililo mwisho wa barabara ya Shijo, na mtaa wa starehe wa Gion uliojengeka mbele yake. Naanza mimi. Nilifika saa nne usiku nikitarajia kukuta pamefungwa, kumbe lango lile jekundu la mwaka 1497 hupitika usiku kucha. Ndani kuna jukwaa la ngoma lililozungukwa na mamia ya taa za karatasi, safu juu ya safu, kila moja na maandishi yake meusi. Nilidhani ni majina ya marehemu, mpaka mwenzangu Mjapani aliponisomea: hii ya mgahawa, hii ya nyumba ya chai, ile ya duka. Nyumba za chai za Gion zilianza kwa kuwahudumia mahujaji wa hekalu hili, na hadi leo wenye biashara ndio wanaoliwashia taa.

Mchangiaji wa pili:
Mkuu, hekaluni hukaribishwa kila mtu, lakini mtaani ni habari nyingine. Nilikuwa kwenye kichochoro kando ya Hanamikoji, barabara maarufu ya Gion, nimeinua simu, mara bibi mmoja akatoka mlangoni, akapishanisha mikono kifuani kuonyesha marufuku, kisha akaninyooshea kidole kibao kilichosema kwamba kupiga picha bila ruhusa katika njia ile ya binafsi ni faini ya yeni 10,000. Sikumlaumu, kwa sababu niliyetaka kumpiga picha alikuwa maiko, yaani mwanagenzi wa sanaa ya kutumbuiza wageni kwa ngoma na muziki, msichana mdogo anayewahi kazini, wala si pambo la barabarani. (Mwanagenzi akihitimu huitwa geiko, hilo ndilo neno la Kyoto, si geisha.) Mwaka 2024 baadhi ya vichochoro hivyo walivifunga kabisa kwa watalii. Nyumba ya chai nayo, wanakotumbuiza hao, haimpokei mgeni asiye na mtu wa kumtambulisha, hata awe na fedha kiasi gani. Anayetaka kuwaona maiko na geiko wakicheza kwa kukata tiketi tu, aende mwezi wa Aprili kwenye Miyako Odori, maonyesho yaliyoanza mwaka 1872.

Mchangiaji wa tatu:
Langu ni la aibu. Nilikwenda Julai, wakati wa Gion Matsuri, sherehe ya hekalu hilo iliyoanza mwaka 869 kwa kuomba maradhi ya mlipuko yaondoke. Nikanunua chimaki, kifurushi chembamba cha majani ya mwanzi kilichofungwa mithili ya vitafunio vyetu vya majani ya mgomba, nikakaa kando ya njia kukifungua kwa njaa zangu zote. Jani la kwanza, la pili, la tatu, ndani hamna kitu! Watoto waliokuwa karibu walicheka hadi wakakaa chini. Kipo chakula chenye jina hilohilo, lakini kile nilichonunua ni kinga ya maradhi, hutundikwa juu ya mlango mwaka mzima. Nilikifunga upya vibaya, nikakitundika hivyohivyo.

Mchangiaji wa nne:
Mimi ni Mwislamu wa Mombasa, kwa hiyo sikuinama wala kupiga makofi mawili kama wafanyavyo wao, ingawa kunawa mikono na kusukutua kabla ya kuingia kulinikumbusha udhu. Kilichonivuta ni usiku wa tarehe 31 Desemba. Watu hununua kamba ya nyuzi za mwanzi, huiwasha ncha kwenye moto wa hekalu, kisha huizungusha polepole njia nzima ili kaa lisizimike, wafike nalo nyumbani wawashie jiko la mlo wa kwanza wa mwaka. Mwenyeji wangu alinikabidhi yake nimshikie kidogo. Ilinizimikia darajani, kwenye mto Kamo, tukarudi wote wawili kupanga foleni upya.