Mnavaa sare wikiendi nzima, Jumatatu mnazirudisha mnadai "haikunitosha". Nimechoka!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nauza sare na vifaa kwa watu wa maigizo ya vita vya kihistoria: makoti ya sufu, helmeti, buti za misumari, mikanda, vifuko vya risasi. Ni biashara ya kando. Mchana nina ajira ya watu, usiku ndiyo nafunga mizigo na kujibu meseji. Sasa nimefika mwisho, na anayetaka kunitolea povu alitoe.

Kuna mchezo umeota mizizi na mnaujua. Mtu anaagiza siku chache kabla ya tukio. Anakukosesha usingizi: mzigo uko wapi, umefika wapi, utawahi kweli? Unahangaika, unawahi. Ukishamfikia, kimya. Wikiendi ya maigizo inapita, picha zinarushwa mtandaoni, kisha Jumatatu asubuhi: "Samahani, haikunitosha. Nairudisha, naomba hela yangu yote."

Safari hii ni buti, zile nyeusi za ngozi za askari wa Uingereza wa Vita vya Pili, zenye misumari kwenye soli. Msumari ambao haujakanyagiwa una rangi ya kijivu iliyofifia na kichwa chake kimesimama vizuri. Zilizonirudia vichwa vinang'aa kama sarafu mpya, upande wa kidole gumba vimelika, na kati ya msumari na msumari kuna udongo uliokauka na majani yake. Nikamtumia picha. Akajibu kwamba alizijaribu ndani tu, kwenye zulia. Zulia gani hilo linalosaga chuma?

Kabla yake lilirudi koti la buluu la Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Kufungua mfuko tu, harufu ya baruti ikanipiga usoni. Ile baruti nyeusi ina salfa, na moshi wake ukishaingia kwenye sufu, anika utakavyoanika, hautoki upesi. Ndani ya mfuko wa koti nikakuta kipande cha karatasi ya risasi, kimeng'atwa kabisa, maana bunduki za wakati ule askari alichana karatasi kwa meno ndipo akamimina baruti. Koti "halikumtosha", lakini lilimtosha kupigania vita!

Na msiniambie nilifue niliuze tena. Sufu ile ukiitia kwenye mashine na maji moto inajikunja, inatoka koti la mtoto. Kama jipya siwezi kuliuza, nitakuwa nimemdanganya anayefuata. Nikikataa kurudisha hela, jamaa anakimbilia benki yake anasema hakupata alichoagiza. Benki inamrudishia kwanza, mimi nakatwa hela pamoja na ada ya usumbufu juu, halafu ndiyo naambiwa nilete ushahidi. Duka kubwa linalimeza hilo. Mimi faida ya makoti kadhaa imekwenda na koti moja.

Tena hawa hawa ndio mabingwa wa kuhesabu mishono, yaani kukagua kama kila undani wa sare ni wa enzi husika. Kuna mmoja aliagiza battledress, ile sare ya vita ya askari wa Uingereza, ya mtindo wa 1940 kwa ajili ya igizo la Dunkirk, pale Waingereza walipookolewa kwa meli kutoka Ufaransa mwaka 1940. Kwenye maelezo niliandika wazi kwamba ile inaitwa ya 1940 lakini ilianza kutolewa 1942, na kwamba vifungo vyake vinaonekana kwa nje kwa sababu walikuwa wanabana matumizi. Ya Dunkirk ni ile ya 1937, yenye vifungo vilivyofichwa. Hakusoma. Wenzake wakamcheka uwanjani, akarudi kwangu akiniita tapeli hadharani. Mwingine analalamika kwamba helmeti yangu ya M1, ile ya chuma ya askari wa Marekani wa Vita vya Pili, ina maungio ya ukingo upande wa mbele, eti ni feki. Ndugu yangu, maungio hayo yalihamishiwa nyuma mwishoni mwa 1944. Unaigiza kutua Normandy, pwani ya Ufaransa, mwezi wa Juni 1944, unataka yawe wapi?

Vipimo ndiyo kabisa. Nimeandika kwa herufi kubwa: pima kiuno usawa wa kitovu, kwa utepe. Suruali za enzi hizo zilivaliwa juu na kushikiliwa na mikanda ya mabegani. Mtu ananitumia namba ya jinzi yake, inayokaa chini ya tumbo, halafu suruali ikigoma kufunga kosa ni la fundi. (Na tuseme ukweli, wengi tunaoigiza vijana wa miaka 20 tuliiaga miaka hiyo kitambo.)

Rangi je? Kiwanda hakiwezi kunifumia mita mbili tatu, kinataka jora zima, na jora la leo halitoki rangi moja na lililopita. Blauzi na suruali zikipishana kidogo mnakuja juu. Hata kwenye vita vyenyewe zilipishana, kwa sababu viwanda vilivyoshona vilikuwa vingi.

Wanaotafuta alama za SS, kile kikosi cha Wanazi wa Hitler, nimeshasema siuzi, acheni kuniuliza kwa siri usiku. Ujerumani kuzionyesha hadharani kinyume cha sheria ni jinai, na mimi hata kusingekuwa na sheria nisingeziweka.

Ila kilichonikera kuliko hata buti ni hiki. Mmoja alinunua kwangu kifuko cha risasi, akafuta muhuri wangu wa ndani kwa msasa, akakiloweka kwenye chai, akakisugua udongo, akakipeleka sokoni kama cha asili kutoka vitani. Mnunuzi kashtuka, kaulizia, mkondo ukaja hadi mlangoni kwangu. Sasa natetea jina langu kwa uongo wa mtu mwingine.

Kuanzia sasa kila sare inatoka na lebo kubwa nyekundu imeshonwa kifuani. Jaribu nyumbani, jiangalie kwenye kioo, lebo ikiwa haijaguswa nirudishie upate hela yako kamili. Ukiikata, umenunua. Buti zinatoka na karatasi ya gundi chini ya soli, sharti ni hilo hilo. Na anayetaka kuvaa wikiendi moja tu aseme mapema anakodi, nitampa bei ya kukodi na ataweka amana.

Wenzangu mnaouza vitu hivi, nani ameshatumia lebo za namna hii? Benki ikiletewa picha ya lebo iliyokatwa inakubali, au wanamsikiliza mteja tu?