Naomba ushauri: mbwa wangu amepona usaha wa kizazi, je, atolewe kizazi au aachwe?

Mfugaji wa Usa River: Habarini za jioni, wanajukwaa. Nina mbwa jike aina ya German Shepherd mwenye umri wa miaka 6 na uzito wa kilo 32, na kwa wiki kadhaa sasa sijalala vizuri kwa sababu yake. Alianza kwa kunywa maji kupita kiasi, akawa anamaliza sufuria ya lita nne kabla ya magharibi, kisha akakataa chakula, na asubuhi moja nikakuta sakafu ya banda lake ina majimaji mazito yenye rangi ya maziwa yaliyochanganyika na damu. Daktari wa mifugo alimpima kwa utrasaundi akaona mfuko wa uzazi umejaa usaha, ila mlango wa kizazi ulikuwa wazi. Alimpa antibayotiki na sindano za prostaglandini za kuusukuma usaha utoke, na sasa anakula na kubweka kama zamani. Daktari anataka tumrudishe atolewe kizazi. Je, kuna haja ya kumpasua mnyama aliyekwisha kupona?

Mama Pendo: Pole sana, ndugu yangu. Mbwa wangu naye alipona kwa dawa, tukamshukuru Mungu, tukamwacha. Alipopata joto lililofuata, yaani kipindi cha kutaka dume, ugonjwa ulirudi, na safari hiyo mlango wa kizazi ulikuwa umefunga, kwa hiyo hatukuona hata tone la usaha mpaka tumbo lilipokaza kama ngoma. Tulimpeleka usiku akiwa amelegea, akafia mezani. Bakuli lake bado ninalo.

Mzee wa Shamba: Mwenyezi Mungu hakukiweka kizazi kwa mnyama bila sababu. Mbwa wa wazazi wetu hawakupasuliwa na walilinda boma miaka yote. Jike akitolewa kizazi hunenepa, hulala mchana kutwa, na mwizi akipita hainui hata shingo.

Bibi Mifugo Mstaafu: Shikamoo, mzee wangu. Kwa heshima zote, ulinzi hautoki kwenye kizazi, na unene unazuilika mwenye mbwa akipunguza chakula baada ya upasuaji. Mfugaji, mbwa aliyetulia hustahimili upasuaji kuliko yule anayeletwa akitapika na sumu ya usaha imeshaingia kwenye damu. Hilo bila shaka daktari wako amekueleza. Kwa nini basi unasita? Una mpango wa kumzalisha?

Mfugaji wa Usa River: Nitasema ukweli. Nimekwisha pokea malipo ya awali ya watoto wawili, shilingi 300,000 kwa kila mmoja, na fedha hizo nimelipia ada ya shule. Dume nimeshapata. Wala si tamaa, kwa sababu daktari mwenyewe alisema kwamba anayetaka watoto baada ya tiba ya dawa ampandishe mbwa katika joto linalofuata. Huyu hajapata joto tangu Juni mwaka jana, kwa hiyo naamini liko karibu sana.

Bibi Mifugo Mstaafu: Ushauri huo upo, lakini hasa kwa jike kijana ambaye mfugaji wake anakubali kwamba ugonjwa unaweza kurudi. Wako ana miaka 6.

Mtafuta Ukweli: Samahani, mimi nina shaka kama mbwa huyu yupo. Ugonjwa huu kwa kawaida hutokea ndani ya miezi miwili baada ya joto. Mwenye uzi anasema joto la mwisho lilikuwa Juni mwaka jana, na leo tuko Mei. Usaha umetoka wapi? Tumewahi kuhurumia visa vya kutungwa hapa, na Mama Pendo amefungua kidonda chake bure.

Mfugaji wa Usa River: Mbwa yupo, na hivi ninavyoandika amelalia viatu vyangu. Joto halikuja kwa sababu nililizuia mimi. Madume ya mtaani yalikuwa yanaruka ua nikiwa safarini, nikanunua duka la dawa sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, ile wanayochomwa akina mama, nikamchoma mwenyewe Desemba na tena Machi. Daktari sikumwambia. Niliona aibu, na nilidhani kwa kuwa ni dawa ya binadamu haiwezi kumdhuru mbwa.

Bibi Mifugo Mstaafu: Mwanangu, hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Homoni ya sindano hiyo hufanya kazi ileile ambayo mwili hufanya baada ya joto: huufanya ukuta wa kizazi uwe mnene na kutoa ute, na huutuliza msuli wake usisukume uchafu nje, kwa hiyo bakteria wanaopanda kutoka ukeni hupata mahali pa kuzaliana. Kizazi kilichopitia hayo si cha kukitegemea kibebe mimba. Mpigie daktari simu leo, umtajie tarehe zote mbili, na umwombe apime damu kuona hali ya figo kabla ya kumpa dawa ya usingizi. Hakikisha pia zinatolewa ovari zote mbili pamoja na mfuko, kwa kuwa kipande cha ovari kikibaki, usaha unaweza kurudi kwenye kisiki cha kizazi.

Mtafuta Ukweli: Naomba radhi kwako na kwa Mama Pendo.

Mfugaji wa Usa River: Nimempigia. Hakunigombeza, alinyamaza kidogo kisha akaniuliza tarehe mara ya pili ili aziandike. Upasuaji ni Jumatano saa mbili asubuhi, na kuanzia usiku wa kuamkia siku hiyo hatakula kitu. Mteja mmoja amekubali kusubiri nimrudishie fedha zake mwisho wa mwezi. Wa pili bado hajapokea simu, nitamfuata kesho dukani kwake.