Wenye yadi za skrepa acheni kutuuzia betri zilizokufa kwa kutuonyesha volti, nimeua mayai ya watu

Wakuu habari za jioni. Nimekaa na hili jambo wiki mbili nikisema nipoe kwanza ndio niandike, naona sipoi, kwa hiyo naandika hivi hivi na hasira zangu.

Mwezi wa tano nilinunua betri nne kwenye yadi moja ya skrepa huku upande wa Temeke. Jina silitaji, wanaopita huko wanajua yadi ni nyingi na mchezo ni huo huo. Ni zile betri za minara ya simu, ndefu nyembamba, vichwa (pale unapofungia nyaya) viko mbele, volti 12 ampea 100. Kila moja 140,000, jumla 560,000, na kirikuu ya kuzileta 25,000. Juzi nimezirudisha, kijana yule yule aliyeniuzia akaziweka kwenye mzani moja baada ya nyingine akaniambia "mzee huu mzigo wa kilo, tunachukua kwa 1,100". Zote nne ikaja laki na thelathini na kitu, haifiki hata bei niliyonunulia MOJA. Mwezi wa tano ilikuwa betri nzima ya mnara, mwezi wa nane ni madini ya risasi chakavu. Kitu kile kile, mikono ile ile. Nilitetemeka wakuu, nikazipakia nikaondoka nazo.

Sasa nielezee walivyonipiga maana najua kuna mtu wiki hii hii ana hela mfukoni anaelekea huko.

Nilipofika nilimwambia nataka zilizo nzima. Akatoa multimita (kile kipimo cha volti), akagusa ya kwanza 12.8, ya pili 12.7, ya tatu 12.8, ya nne 12.7. Akaniambia umeona mwenyewe, zimejaa, hizi mnara umebadilisha tu kwa sababu ya utaratibu wao. Nami na akili zangu nikaona 12.8 nikafurahi. Ule ndio utapeli wenyewe. Betri imelala kwenye chaja usiku kucha, asubuhi inatolewa, inapakwa mafuta, vichwa vinapigwa msasa vinang'aa, karatasi yenye tarehe inabanduliwa, ukipima volti lazima usome 12.7 hata kama ndani haina kitu. Volti zinakwambia betri imejazwa kiasi gani, hazikwambii tanki lenyewe limebaki kubwa kiasi gani. Ndoo ya lita 20 na kikombe cha chai vyote vikijaa vimejaa. Yule kijana anajua hilo, bosi wake anajua, wote wanajua, na multimita wanaishika mkononi kama ushahidi.

Mimi natotolesha vifaranga. Nina mashine ya mayai 264, nilianza na ule mgao mbaya wa umeme wa mwishoni mwa 2023, kipindi kile ndio nilinunua inveta (mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) maana bila hivyo hufanyi kazi. Mgao uliisha, bwawa la Nyerere likaanza kuzalisha, lakini mtaani kwetu nguzo ikianguka au transfoma ikiungua giza ni lile lile. Kwa hiyo betri kwangu sio za kuangalia mpira. Nusu ya mayai kwenye mashine sio yangu, watu wananiletea nawatotoleshea kwa malipo. Kuna mama mmoja jirani alileta mayai 90 ya kuku wake wa kienyeji, amekusanya trei kwa trei anayahifadhi ndani asiuze hata moja.

Hesabu zangu zilikuwa nzuri tu. Betri nne za ampea 100 kwa volti 12 ni wati 4,800 kwa saa moja, nikasema ni used basi nihesabu nusu, 2,400. Mashine ikishapata joto lake inakula kama wati 100 kwa wastani, kwa hiyo hata na upotevu wa inveta nina saa 20, basi tufanye 15, nalala usingizi. Mwezi wa tano na wa sita umeme ulikatika dakika 10, dakika 20, inveta ikabeba, sikushtuka chochote.

Julai, mayai yako siku ya 18, umeme ukakatika saa 2 usiku. Saa 2 na dakika 35 inveta ikaanza kulia. Nikadhani nyaya zimelegea, nikakaza, nikazima nikawasha, ikabeba dakika tatu ikalia tena. Dakika thelathini na tano wakuu. Nikachemsha maji nikajaza kwenye madumu nikayaingiza kwenye mashine, nikaifunika na mablanketi ya nyumbani, kila nikifungua kubadilisha madumu joto linatoka, usiku wa Julai unajua ulivyo. Umeme ulirudi kesho yake saa 9 alasiri. Kati ya 264 wametoka 58, na wengine miguu imepinda. Mama wa mayai 90 amepata vifaranga 17. Hakunigombeza, alisema tu "haya baba, Mungu atatoa mengine", na mimi ndio hicho kinachoniuma mpaka leo. Afadhali angenitukana.

Na haijaishia hapo, sikilizeni hii maana ni ya hatari. Siku mbili baada ya umeme kurudi, usiku nikasikia harufu ya yai viza, kali, nyumba nzima. Nikaenda kwenye mashine, nikawa natoa yai moja moja nanusa natafuta lililooza. Wala sio mayai. Nilipoinama kwenye kona ya betri ndio nikajua, betri moja ubavu umevimba, ukigusa inaunguza, harufu inatoka pale. Ile gesi ni sumu. Na betri ikichemka hivyo inatoa haidrojeni pia ambayo cheche moja tu inalipuka. Watoto wangu wanalala chumba kinachofuata. Nilizima chaja, nikatoa kila mtu nje, nikafungua madirisha yote.

Fundi mmoja wa sola, mtu mzima anayejua kazi, akanifafanulia. Inveta yangu ni ya volti 24, betri mbili mbili zimefungwa mfululizo, kila betri ina seli 6 (vyumba vidogo vya ndani vinavyotunza umeme) kwa hiyo jumla 12. Chaja inasukuma mpaka volti 28.8, yaani 2.4 kila seli. Moja ikiwa imekufa, zile 11 zinabeba mzigo wa 12, zinapata 2.6 kila moja, usiku kucha, kila siku. Zinachemka, zinavimba, zinanuka. Betri moja mbovu inaua na jirani yake. Ndio maana kuuza betri iliyokufa seli ni zaidi ya kumuibia mtu hela.

Akanipa taa ya gari ya wati 55 tukazipima moja moja. Tukazichaji, tukaziacha zilale bila chaja usiku mzima, asubuhi tukaweka taa. Inavuta kama ampea 4 na nusu, betri nzima ya 100 inatakiwa iwashe hiyo taa karibu saa 20 kabla haijashuka volti 10.5. Ya kwanza ilidondoka 10.3 pale pale taa ilipowaka, seli imekufa. Ya pili saa moja na dakika 20. Ya tatu saa mbili. Ya nne ndio ikajitahidi saa saba. Kwa hiyo kwenye ampea 400 nilizolipia, nilichopata hakifiki 50.

Mtu asije hapa kuniambia "used ndio hivyo, cheap is expensive". Sikatai used. Mitambo ya simu na yupiesi kubwa za maofisini (zile zinazoshika kompyuta umeme ukikatika) kawaida wanatoa betri zikishashuka asilimia 80 ya uwezo wake, na wakitoa wanatoa zote kwa pamoja, kwa hiyo ndani ya lundo kuna nzuri kabisa za kumfaa mtu nyumbani miaka kadhaa. Mwaka juzi nilinunua mbili kwa mzee mmoja ambaye alikaa na mimi kwenye benchi saa tatu taa inawaka, moja akaiweka pembeni mwenyewe akasema hii baba usichukue. Zile mbili zinafanya kazi mpaka leo, ndio zinawasha taa za ndani. Inawezekana kabisa, ni kwamba hawa wengine hawataki, maana wakipima kwa taa watajikuta sita kati ya kumi ni za kupeleka kilo.

Ninachodai ni kidogo sana. Ukiuza kama betri, ipime kwa mzigo mbele ya mnunuzi, andika kwa kalamu kwenye ubavu inawasha taa saa ngapi, bei ipangwe kwa hiyo. Hutaki kupima, uza kwa kilo kama unavyonunua wewe. Na mnunuzi, beba taa yako ya gari na waya wake, ziache ziwake hata saa mbili huku unasoma volti. Betri ya 100 iliyo na afya baada ya saa mbili bado iko juu ya 12 na taa ikiwa inawaka. Ikizama mapema acha, hata akikupunguzia. Mwenye yadi akikukatalia kupima, ondoka. Zile za maji nazo msidanganyike na haidromita (kipimo cha ukali wa asidi), wanaongeza asidi mpya kwenye betri mfu kipimo kinapanda vizuri tu.

Halafu kuna la mwisho linanitia hasira kuliko hata hela yangu. Pale yadi nilipokuwa nasubiri mzani, vijana wanapasua betri za maji kwa shoka ili wapate risasi, asidi yote inamwagwa mtaroni, mikono mitupu, na watoto wanaotoka shule wanaruka ule mtaro. Owino Uhuru pale Mombasa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilitia risasi kwenye damu za watoto wa mtaa mzima, kesi ilichukua miaka, mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe bilioni 1.3 za Kenya, na hela haimrudishii mtoto akili iliyoharibika. Sisi tunangoja nini?

Zangu nne ziko barazani nimezifunika turubai. Hiyo 1,100 siitaki maana najua zitapasuliwa kwenye mtaro ule ule, au ile ya nne watairudisha kwenye chaja wamuuzie mwingine. Kama kuna mdau anamjua mkusanyaji mwenye kibali cha taka hatarishi hapa Dar anayechukua hata nne tu, naomba anielekeze. Na waliopigwa kama mimi andikeni hapa chini mlipimiwa na nini, volti au taa.